Mlima Unapofanya Kazi ya Pampu

   Hata aliye mbali na Mlima Kenya, iwe Mombasa au Muscat, asiondoke, kwa maana jambo la leo litamfaa siku atakapojenga kijijini.

Jambo lenyewe ni maji. Si maji ya kampuni yanayokuja na bili mwisho wa mwezi, wala si maji ya kisima yanayovutwa kwa pampu. Ni maji yanayotoka juu, yakashuka yenyewe ndani ya paipu mpaka jikoni, katika nyumba ambayo nguzo ya umeme haijaifikia. Hakuna mota. Hakuna dizeli. Uzito wa maji yenyewe ndio unaoyasukuma.

Swali la leo, basi, ni hili. Mtu mwenye nyumba ndogo ya mbao pale juu ya Nkubu, huku Meru, karibu na mpaka wa msitu, afanye nini ili maji yafike nyumbani, yafike kila siku, na yaendelee kufika miaka mingi baadaye? Jibu lina mambo matatu, nayo yatarudiwa mara kadhaa ili yakae kichwani. Pima wingi wa maji. Pima kimo. Kisha zungumza na jirani wa chini. Haya matatu hufanywa kabla ya paipu ya kwanza kununuliwa.

Tuanze na mahali penyewe. Anayepanda matatu Meru mjini kuelekea Embu hufika Nkubu baada ya mwendo mfupi. Hospitali ya Consolata iko hapo, soko liko hapo, na barabara inajipinda kila inapokutana na korongo. Mkono wake wa kulia, upande wa magharibi, ardhi inapanda: kwanza kahawa na ndizi, kisha chai ya Kinoro na Kionyo, halafu msitu wa Mlima Kenya. Mkono wa kushoto ardhi inashuka: Mitunguu, kisha Tharaka, ambako jua ni kali na mvua ni haba. Mto baada ya mto unakatiza barabara hiyo kutoka mlimani, Thingithu, Mutonga, Nithi, Thuci, yote ikienda upande mmoja, kutafuta mto Tana.

Kwa nini mito ni mingi kiasi hicho upande huu? Wapo wanaodhani ni theluji ya kileleni inayoyeyuka. Ukweli ni kwamba barafu ya Mlima Kenya ni kidogo, na inazidi kupungua. Maji mengi ya mito hii ni mvua na ukungu. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unakutana na mlima upande wa mashariki, unapanda, unapoa, na mvua inanyesha, ile ya masika kuanzia Machi hadi Mei na ile ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Msitu unaipokea mvua hiyo, unaizuia isikimbie yote kwa siku moja, na udongo wake unaiachilia polepole. Ndiyo maana chemchemi ya Kinoro inaweza kutiririka hata Septemba, wakati mawingu hayapo.

Sasa, je, jambo hili la maji kushuka yenyewe ni ndoto, au lipo? Lipo, tena halihitaji kutafutwa mbali. Hapo chini ya Nkubu, Mitunguu, kuna mradi wa umwagiliaji ulioanza miaka ya 1980. Unachota maji ya mto Thingithu huko juu, unayateremsha kwa paipu, na yanapofika mashambani yana nguvu ya kutosha kurusha matone hewani na kumwagilia. Ndizi za Mitunguu zinazouzwa Nairobi zinatokana na mteremko huo. Kazi ambayo kwingineko hufanywa na injini, hapo inafanywa na mlima.

Na juu zaidi kaskazini, katika milima ya Nyambene, kuna kisa kikubwa kuliko hicho. Huko Tuuru, Wamisionari wa Consolata walikuwa na kituo cha watoto wenye ulemavu, wengi wao wakiwa wameathiriwa na polio. Kituo hakikuwa na maji ya kutosha. Bruda mmoja Mwitaliano, Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimpa jina la Mukiri, yaani mkimya, akaingia msituni kuyatafuta. Nyambene haina mito mikubwa, lakini ina msitu unaofunikwa na ukungu. Ukungu unashika majani, unadondoka, unazama ardhini. Bruda Argese na vijana aliowafunza wakachimba njia chini ya ardhi kuyakusanya matone hayo, wakajenga mabwawa na matangi, kisha wakatandaza paipu kuteremka mlima. Kazi iliyoanza kwa ajili ya watoto wa kituo kimoja ilikua, ikawa mradi wenye mamia ya kilomita za paipu, unaowahudumia watu kwa maelfu mengi katika Igembe na Tigania, sehemu ambazo kina mama walikuwa wakitembea kutwa nzima kwa mtungi mmoja.

Msikilizaji anayetaka maji ya nyumba yake moja hahitaji mamia ya kilomita. Lakini kanuni ni zile zile: chanzo kilicho juu, paipu inayoshuka, tangi la kuyapokea maji, na watu wanaokubaliana.

Haya, jambo la kwanza: wingi wa maji. Chemchemi inatoa kiasi gani? Hapa hakuna haja ya mashine. Inahitajika kipande cha paipu, udongo wa mfinyanzi wa kuzibia kando ili maji yote yapite mahali pamoja, mtungi wa lita 20, na simu yenye saa. Weka mtungi chini ya paipu, hesabu sekunde mpaka ujae. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Tuseme mtungi umejaa kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Wengi watasema hayo si maji, ni machozi. Lakini hesabu inasema vingine. Mwendo huo ni lita sita kila dakika. Kwa saa moja ni lita 360. Kwa usiku na mchana ni zaidi ya lita 8,600. Familia ya watu sita wenye ng'ombe wawili wa maziwa na kuku kadhaa haitamaliza hata lita elfu moja kwa siku. Kwa hiyo, chemchemi inayoonekana dhaifu inaweza kutosha boma lile na maboma mengine kadhaa, mradi tu maji ya usiku yasipotee. Hiyo ndiyo kazi ya tangi: kukusanya wakati watu wamelala, ili asubuhi kila mtu akifungua mfereji, maji yawepo.

Lakini angalizo, na hili ni muhimu: pima wakati wa kiangazi. Anayepima Mei, mvua ya masika ikiwa imeshiba, atapata jibu la kumfurahisha, kisha Septemba atabaki na paipu kavu. Apime kabla ya masika kuanza, na apime tena kabla ya vuli. Kipimo kidogo zaidi ndicho cha kupangia. Na kabla ya kukiamini, awaulize wazee wa hapo: chemchemi hii iliwahi kukauka? Mwaka gani? Mzee aliyechunga ng'ombe kwenye bonde hilo tangu utotoni anajua kiangazi ambacho hakuna karatasi iliyokiandika.

Jambo la pili: kimo. Maji hayajali urefu wa paipu kama yanavyojali tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho. Kila mita kumi za kushuka huzaa presha ya takriban baa moja. Tangi lililo mita tatu juu ya mfereji litajaza sufuria vizuri, lakini bafu la kunyunyiza litadondosha tu. Tangi likiwa mita kumi juu, bafu linakuwa bafu. Kwa hiyo anayejenga mlimani asikimbilie kuinua tangi kwa mbao na vyuma kando ya nyumba. Lita elfu moja za maji zina uzito wa tani nzima, na tani nzima juu ya nguzo zilizooza ni hatari kwa watoto wanaocheza chini. Kama kilima kipo nyuma ya nyumba, tangi likae juu ya kilima, kwenye msingi wa saruji au mawe yaliyosawazishwa, chini kabisa, mahali salama.

Kimo kinapimwaje? Simu nyingi zina programu inayoonyesha kimo, lakini inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwa nyumba ndogo mita kadhaa ndizo zote zilizopo. Njia ya uhakika ni ile ya mafundi wa ujenzi: paipu nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyojazwa maji bila povu. Watu wawili wanashika ncha zake, na maji ya pande zote mbili hukaa usawa mmoja. Kwa fimbo mbili zilizowekwa alama, wanashuka hatua kwa hatua kutoka kwenye chemchemi mpaka nyumbani, wakiandika kila tofauti daftarini. Ni kazi ya siku moja. Siku hiyo moja huokoa pesa za roli zima la paipu.

Na paipu zenyewe? Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu dukani huulizwa swali moja tu: ndefu kiasi gani? Maswali ya kweli ni mawili mengine. La kwanza ni upana wa ndani. Maji yakipita kwenye paipu husuguana na kuta zake, na sehemu ya presha inaliwa na msuguano huo. Ni kama waumini wanaotoka kanisani: mlango mwembamba, safu ndefu. Kwa mwendo uleule wa maji, paipu ya robo tatu ya inchi hupoteza sehemu ndogo tu ya kile ambacho paipu ya nusu inchi ingepoteza. Kwa hiyo kama kutoka chemchemi hadi nyumba ni mita mia tano, nusu inchi ni kubana matumizi mahali pasipofaa. Weka paipu pana zaidi njiani, kisha nyembamba ndani ya nyumba.

Swali la pili la dukani ni uwezo wa paipu kuhimili presha. Paipu nyingi zimeandikwa PN 6, PN 10 na kuendelea, na nambari hiyo ni baa inazoweza kubeba. Sasa tufikirie mteremko wa Kinoro. Chemchemi iko mita mia moja juu ya nyumba. Mita mia moja ni baa kumi. Mchana, mifereji ikiwa wazi, maji yanatembea na presha inapungua. Usiku kila mtu anafunga mfereji, maji yanasimama, na uzito wote unakaa juu ya paipu ya chini. Paipu ya PN 6 inaweza kupasuka saa nane usiku, na mwenyewe atagundua alfajiri akikuta shamba la viazi limegeuka bwawa.

Dawa yake ni nini? Ni tangi dogo la kuvunja nguvu ya maji, linalojengwa katikati ya mteremko. Maji yanaingia kwa juu, yanakutana na hewa ya kawaida, presha yote inaisha, kisha yanaanza safari upya kutoka hapo. Badala ya mita mia moja mfululizo, paipu inabeba hamsini, kisha hamsini. Kisanduku cha saruji chenye kifuniko na koki ya boya kinatosha. Ukipita kwenye miradi ya vijiji vya Imenti, huku Meru, masanduku hayo yapo pembeni mwa njia, watoto wameyakalia, na wengi hawajui kwamba ndiyo yanayolinda paipu zote za chini.

Kuna tatizo lingine linalowakatisha watu tamaa: hewa. Chanzo kina maji, paipu haijapasuka, mteremko upo, lakini mfereji unatoa upepo tu. Kwa nini? Kwa sababu ardhi ya kwetu haishuki moja kwa moja. Inashuka korongoni, inapanda kigongo, inashuka tena. Hewa inakimbilia juu ya kigongo na kukaa hapo, ikiziba njia. Juu ya kila kigongo pawekwe koki ya kutolea hewa. Na chini ya kila korongo, ambako mchanga na tope hutulia, pawekwe koki ya kusafishia. Kwa ufupi: juu toa hewa, chini toa tope. Fundi akisahau koki hizo mbili, mwenye nyumba atazikumbuka kila mwezi.

Paipu ya plastiki ifukiwe, angalau kina cha mkono wa mtu mzima. Jua huiharibu, jembe huikata, ng'ombe huikanyaga, na moto wa kuchoma magugu huiyeyusha. Inapovuka korongo juu kwa juu, hapo itumike ya chuma.

Mpaka hapa tumesema mangapi? Mawili. Pima wingi wa maji, kiangazi. Pima kimo, kwa mkono wako, mpaka mlangoni. La tatu litakuja, lakini kwanza tuangalie chanzo chenyewe, kwa sababu paipu nzuri ikianzia kwenye tope italeta tope.

Chemchemi inalindwa hivi. Watu wanachimba kwa uangalifu kurudi nyuma, kufuata maji mpaka pale yanapotokea kwenye mwamba au murram ngumu. Hapo wanapanga mawe na kokoto safi, wanajenga ukuta mdogo mbele yake, wanaweka paipu ya kutolea maji, na juu kidogo paipu nyingine ya maji yanayozidi. Paipu hii ya pili isisahaulike kamwe. Maji yasipopata njia ya kutoka, husukuma nyuma, na chemchemi inaweza kuhama ikatokea mahali pengine. Juu ya yote panafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na mtaro unachimbwa upande wa mlimani ili maji ya mvua yapite kando. Kisha ua. Mifugo wasifike, choo kisijengwe upande wa juu, na dawa za kunyunyizia mazao zisichanganywe hapo.

Na miti gani ipandwe kando? Hili liliwahi kuwa suala la kitaifa. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi, ile blugamu, ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Blugamu ina kazi yake, kwa nguzo, mbao na kuni, lakini nafasi yake ni mbali na maji. Kwenye chemchemi iachwe miti ya asili, mikuyu na mingine ambayo wazee wa Meru na Embu walikataza isikatwe.

Maji yakitoka kwenye chemchemi iliyofunikwa huwa safi kuliko ya mto, lakini usafi wa macho si usafi wa tumbo. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwa anayechota mtoni, kuna chujio la mchanga, ambamo maji yanapita polepole kwenye mchanga laini, na utando wa viumbe hai unaoota juu ya mchanga huo hula vijidudu. Njia hii haina kemikali wala umeme. James Simpson aliitumia kuwasafishia maji watu wa London tangu 1829, na inafanya kazi vile vile Nkubu, ikipewa mchanga uliooshwa na muda wa utando kuota.

Labda yupo msikilizaji anayesema: haya ni mazuri, lakini nyumba yangu iko juu, na maji yako chini korongoni. Afanye nini? Ana njia mbili. Mlangoni kwake kuna paa la mabati. Paa la mita kumi kwa sita, likinyeshewa mvua ya milimita ishirini ya mchana mmoja, linaweza kujaza tangi la lita elfu moja. Tangi hilo likikaa juu ya sehemu iliyoinuka kidogo, chini ya ukingo wa paa, maji yanashuka jikoni kwa njia ile ile tuliyoizungumzia. Mvua ya kwanza imwagwe, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Njia ya pili ni pampu inayoendeshwa na mto wenyewe, ambayo Mfaransa Joseph Montgolfier aliivumbua mwaka 1796. Inatumia maji mengi yanayoshuka kidogo ili kurusha maji machache mbali juu. Inagonga usiku na mchana bila kunywa mafuta, ila inahitaji mto wenye mwendo wa kutosha.

Sasa tufike kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote: jirani wa chini.

Kila lita inayoingia kwenye paipu ya Kinoro ni lita iliyokuwa ikienda mahali fulani. Ilikuwa ikienda Mitunguu. Ilikuwa ikienda Tharaka, kwa mama anayechimba mchanga wa mto kwa kata akitafuta maji. Ilikuwa ikienda Tana, ikapita Garissa na Hola, ikafika Kipini baharini. Wakati wa mvua hakuna anayegundua lita moja iliyopungua. Wakati wa kiangazi, paipu mia mbili zilizotegwa mtoni bila mpango zinaweza kuukausha mto kabla haujafika kwa watu wa chini. Ndipo paipu hukatwa usiku, na watu waliosoma shule moja wakaacha kusalimiana.

Sheria inasema nini? Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inampa mtu ruhusa ya kuchota maji ya matumizi ya nyumbani kwa mtungi wake bila kibali, pale anapofika kwa njia halali. Lakini anayejenga banio, anayetega paipu, anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na katika kila mto kuna, au panapaswa kuwa na, chama cha watumiaji wa maji, kinachowakutanisha watu wa juu, wa kati na wa chini. Hapo ndipo pa kwanza pa kwenda, kabla ya duka la vifaa vya ujenzi. Maana chama ndicho kinachojua nani tayari anachota wapi, na kiangazi kilichopita nani alikosa.

Desturi hii ya kugawana maji haikuletwa na sheria. Wamarakwet wa bonde la Kerio wameshusha maji kwa mitaro kutoka ukingo wa bonde kwa mamia ya miaka, wakiipitisha kwenye majabali kwa magogo na mawe, na kila ukoo unajua saa yake ya kumwagilia. Wachagga wa Kilimanjaro wana mifongo yao, yaani mitaro ya maji, na mfongo una wenyewe, una siku ya kuusafisha, na asiyefika kuusafisha hapati zamu. Mitaro hiyo haikudumu kwa sababu ya ufundi peke yake. Ilidumu kwa sababu aliye mwisho wa mtaro alikuwa na neno.

Miradi ya vijiji huku Meru na Tharaka Nithi iliyodumu imefuata njia hiyo. Kila mwanachama alichimba urefu wake wa mtaro, kwa hiyo kila mmoja anajua paipu imepita wapi. Kila boma lina tangi lake, na mlangoni mwa tangi kuna koki ndogo inayopitisha kiasi sawa kwa wote, awe aliye karibu na chanzo au aliye mbali. Kuna mtu anayelipwa, hata kama ni kidogo, kupanda juu kila wiki kuondoa majani kwenye banio. Na kina mama wamo kwenye kamati, kwa sababu maji yakikatika wao ndio wa kwanza kujua.

Upande wa msitu pia kuna jirani, naye ni msitu wenyewe. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilirusha ndege juu ya Mlima Kenya na msitu wa Imenti kuchunguza uharibifu. Ripoti yake ilionyesha ukataji haramu wa miti, uchomaji makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu, na Imenti ya chini ikaonekana imeumia vibaya. Tangu hapo sehemu nyingi zimepandwa upya. Lakini mwenye paipu inayoanzia kwenye mpaka wa msitu ana sababu ya pekee ya kupiga simu anaposikia msumeno usiku. Msumeno ule unakata mfereji wake.

Wasikilizaji, muda unakwenda, tukusanye tuliyoyasema. Kwanza, pima wingi wa maji kwa mtungi na saa, wakati wa kiangazi, na uwaulize wazee. Pili, pima kimo hatua kwa hatua, ili ujue presha, uchague paipu yenye upana na uwezo unaofaa, ujue tangi la kuvunja nguvu likae wapi, hewa itolewe wapi na tope litolewe wapi. Tatu, zungumza na jirani wa chini na chama cha watumiaji wa maji, upate kibali, na ukubali kiasi kitakachobaki mtoni.

Na kama masika bado hayajaanza unaposikia haya, basi wakati wa kupima ni sasa. Jumamosi hii chukua mtungi wa lita 20, daftari na kijana mmoja wa kukusaidia, mpande mpaka kwenye chemchemi. Andika sekunde. Mkirudi, piteni njia ya chini, mbishe hodi kwa wanaotumia maji hayo baada yenu, muwaonyeshe daftari na kuwauliza wao hupungukiwa mwezi gani. Majibu yao yaandikwe kwenye ukurasa huo huo, chini ya sekunde, ndipo fundi aitwe.